Urafiki wa Unguja na Marekani katika Zama za Seyyid Said

Katika lugha yetu liko neno moja ambalo wazee wa pwani na wa bara walilitumia kila siku bila kujiuliza lilikotoka. Neno hilo ni merikani, yaani ile nguo ya pamba nzito, isiyopaushwa wala kutiwa rangi, ambayo kwa muda wa karne ya kumi na tisa ilikuwa vazi na pia ilikuwa fedha. Kwa mikono ya merikani mpagazi alinunua posho yake, na kwa majora ya merikani misafara ililipa hongo kwa watemi ili ipewe njia. Jina la nguo ni jina la nchi ilikofumwa. Basi Marekani iliingia katika Kiswahili ikiwa begani mwa watu, kabla wengi wao hawajapata kusikia kwamba iko nchi yenye jina hilo, wala iko upande gani wa bahari.

Nguo haikuja yenyewe. Nyuma yake palikuwa na mkataba uliotiwa sahihi Maskati tarehe 21 Septemba 1833 baina ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, na Edmund Roberts, mjumbe wa Rais Andrew Jackson wa Marekani. Mkataba huo ulitangulia ule wa Waingereza wa mwaka 1839 na ule wa Wafaransa wa mwaka 1844. Kwa hiyo dola ya mbali kuliko zote, iliyokuwa haina koloni wala ngome katika Bahari ya Hindi, ndiyo iliyopata kwanza ahadi iliyoandikwa ya biashara katika bandari zetu. Jambo hili lastahili kuchunguzwa, maana huelezwa mara nyingi kama hadithi njema ya urafiki, na urafiki ulikuwapo kweli. Lakini katika urafiki ule mlikuwa na hesabu, na hesabu zile zilikuja kudaiwa baadaye.

Wamarekani waliofika Unguja katika miaka ya 1820 hawakuwa wajumbe wa serikali. Walikuwa wafanyaji biashara, wengi wao wa Salem, mji mdogo wa bandari katika Massachusetts, ambao merikebu zao zilizoea safari za Mashariki. Walitafuta pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Sandarusi yetu ilichemshwa ikawa vanishi ya samani zao, na pembe zilikatwa vichana na vibao vya vinanda. Roberts naye alikuwa mfanyaji biashara, mwenyeji wa Portsmouth katika New Hampshire, mtu ambaye bahati ya mali ilikuwa imemkimbia. Alifika Unguja akaonana na Seyyid Said mwezi wa Januari 1828, akalalamika juu ya vikwazo vya biashara na juu ya ushuru usiokuwa na kiasi kinachojulikana. Seyyid hakuchukizwa na malalamiko hayo. Yeye mwenyewe alikuwa na haja zake, na haja kubwa katika siku zile ilikuwa Mombasa, ambako Mazrui walikuwa hawajakubali enzi yake, wala hawakutiishwa mpaka mwaka 1837. Alimwuliza Mmarekani yule habari za mizinga na makombora.

Roberts aliporudi kwao alimwandikia Levi Woodbury, mtu wa jimbo lake, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Manowari. Ndipo mwaka 1832 akatumwa kufanya mikataba na wafalme wa Mashariki. Ujumbe wake ulifanywa kwa siri. Katika daftari la manowari Peacock alipewa cheo cha karani wa nahodha, ili watu wasijue anakwenda kufanya nini. Katika Cochin-China, ambayo leo ni sehemu ya Vietnam, mazungumzo yalivunjika. Maofisa wa huko walitaka kujua vyeo vya mtu aliyekuja na vya yule aliyemtuma, na barua ya Rais haikuwa imeandikwa kwa adabu waliyoitaka. Siam ilikubali mwezi wa Machi 1833. Maskati haikuhitaji majadiliano marefu hata kidogo. Seyyid Said alikubali karibu kila kilichoombwa.

Watu wamekuwa wakieleza ukarimu huo kwa tabia ya Seyyid, kwamba alikuwa mtu mwenye mkono mkunjufu. Sina haja ya kumvua sifa hiyo, kwani mfalme yule ndiye aliyempa Mfalme William wa Nne wa Uingereza merikebu nzima ya vita yenye mizinga 74. Lakini tabia peke yake haielezi mkataba. Afadhali tutazame vifungu vyenyewe.

Raia wa Marekani walipewa ruhusa ya kuingia bandari zote za Seyyid na kuuza na kununua na mtu wamtakaye. Ushuru wao ulikuwa asilimia tano ya shehena itakayoteremshwa, basi. Na asilimia tano hizo zilikuwa badala ya malipo mengine yote, ya kuingiza na ya kutoa mali, ya kutia nanga, ya rubani na ya leseni. Mali ambayo haikuuzwa ikarudishwa melini haikulipiwa kitu. Merikebu iliyoingia kwa ajili ya kutengenezwa, au kuchukua maji, au kuuliza tu bei za sokoni, haikudaiwa chochote. Mabaharia waliovunjikiwa chombo walikuwa wageni wa Seyyid, walishwe na kulindwa kwa gharama yake, wala asilipwe kamwe. Balozi mdogo wa Marekani aliruhusiwa kukaa katika bandari, naye peke yake ndiye mwamuzi wa ugomvi wa Wamarekani wao kwa wao. Kizuizi kilikuwa kimoja tu cha maana: katika kisiwa cha Unguja bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali peke yake.

Upande wa pili, yaani ahadi za Marekani kwa raia wa Seyyid, ulikuwa mfupi sana. Kifungu kimoja kilisema kwamba vyombo vyao vikifika bandari za Marekani havitatozwa zaidi ya vile vya taifa lipendelewalo kuliko yote. Mwaka 1833 kifungu hicho kilionekana kama maneno ya adabu tu, maana nani alidhani kwamba chombo cha Maskati kitavuka Bahari ya Atlantiki?

Kwa nini basi Seyyid alikubali? Nadhani sababu ni kwamba alikuwa mfanyaji biashara mwenyewe, mwenye merikebu na mashamba ya karafuu, akajua kwamba bandari hutajirika kwa wingi wa wageni kuliko kwa ukubwa wa ushuru. Tena ushuru hakuukusanya kwa mkono wake. Forodha ilikodishwa, mkodishaji, ambaye katika miaka hiyo alikuwa Jairam Shivji, Mhindi wa Kachi, alimlipa Seyyid kiasi kilichopatanwa cha kila mwaka, kisha akajitafutia faida. Hesabu za biashara zilimthibitisha Seyyid. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 merikebu 41 za ng'ambo ziliingia Unguja. Katika hizo 32 zilikuwa za Marekani na saba tu za Uingereza. Waingereza wa Bombay walishtuka, na mwaka 1834 nahodha Hart alitumwa na manowari Imogene aje kuona Seyyid ameahidi nini. Katika kushtuka kwao tunaiona sababu nyingine. Mtawala mwenye rafiki mmoja mkubwa, naye ni rafiki mwenye manowari jirani, hana budi kutafuta wa pili.

Mwezi wa Septemba 1835 Roberts alirudi na Peacock kubadilishana hati zilizothibitishwa. Chombo kilipanda juu ya matumbawe karibu na kisiwa cha Masirah, ikawa lazima kutupa mizinga baharini ili kipunguzwe uzito, huku vyombo vya wanyang'anyi vikizunguka. Mashua ndogo ilikwenda Maskati kuomba msaada, na Seyyid akatuma maji, chakula na watu wenye silaha. Hati zilibadilishwa tarehe 30 Septemba. Roberts aliendelea na safari, akafa kwa maradhi huko Macau mwezi wa Juni 1836, hata asione matunda ya kazi yake. Msaada wa Masirah haukusahauliwa Washington, na ulilipwa miaka mitano baadaye kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia.

Hapa twafika katika safari ya Sultana, nami nitakaa hapo kidogo.

Sultana ilikuwa merikebu ya Seyyid iliyoundwa Bombay mwaka 1833. Mwanzoni mwa 1840 ilipakia Maskati mifuko 1,300 ya tende, mazulia ya Kiajemi na kahawa ya Mokha. Unguja ikaongezwa pembe 108, makasha 81 ya sandarusi, mifuko 135 ya karafuu na ngozi 1,000 zilizokaushwa kwa chumvi. Msimamizi wa safari alikuwa Ahmad bin Na'aman, mmoja wa makatibu wa Seyyid. Rubani alikuwa Mwingereza, William Sleeman, mtu wa kileo, na sifa yake haikuwa njema. Wakatoka mwezi wa Februari, wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakatia nanga St Helena, na tarehe 30 Aprili 1840 wakaingia New York. Watu wa mji walimiminika gatini kuwatazama. Magazeti yaliandika juu ya vilemba, ndevu na miguu mitupu ya mabaharia, kwa udadisi ambao wakati mwingine ulikosa heshima. Ahmad alipokewa na wakubwa wa mji, na mchoraji Edward Mooney alimchora picha ambayo hata leo ndiyo sura yake tunayoijua: mtu mtulivu, mwenye joho na kilemba, mkono wake karibu na upanga.

Mbali na shehena, Sultana ilichukua zawadi za Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, upanga wa dhahabu, shali za Kashmiri, zulia, mafuta ya waridi na marashi. Hapo tabia za dola mbili ziligongana. Kwa Seyyid, mfalme humpa mfalme mwenziwe, na kukataa zawadi ni kumvunjia mtu uso. Kwa Marekani, Katiba yao inamkataza mtu yeyote mwenye cheo cha serikali kupokea kitu kwa mfalme wa kigeni bila idhini ya Kongresi. Van Buren aliandika kwamba hawezi kupokea kwa nafsi yake. Ahmad, ambaye hakuja na idhini ya kuzirudisha, hakuzirudisha. Mwishowe Kongresi ilipitisha azimio mwezi wa Julai, serikali ikazipokea kwa niaba ya taifa. Farasi wakauzwa, na baadhi ya vitu vikahifadhiwa, vikaishia katika jumba la makumbusho la taifa huko Washington. Sidhani kwamba Seyyid alipata kueleweshwa vizuri kwamba farasi wake walinadiwa. Ikiwa alieleweshwa, hakuonyesha kuchukia.

Malipo ya Masirah yalikuja kwa matendo. Sultana ilikuwa imechakaa kwa safari. Serikali ya Marekani iliipeleka katika kiwanda cha manowari cha Brooklyn, ikatengenezwa bila kutozwa hata senti. Ilipoondoka New York tarehe 9 Agosti ilichukua zawadi za kumrudishia Seyyid, zikiwamo bunduki na bastola za kufyatua mara nyingi bila kujazwa upya, na vioo vikubwa. Pamoja na shehena ambayo sehemu yake kubwa, kama tujuavyo, ilikuwa merikani.

Wataalamu wameulizana kama Ahmad bin Na'aman alikuwa balozi au wakili wa biashara. Hermann Eilts, mwanabalozi wa Marekani aliyeandika juu ya safari hiyo mwaka 1962, ameonyesha kwamba kazi yake iliyo wazi ilikuwa ya kuuza na kununua. Nakubaliana naye, na naongeza ushahidi wa mizani. Kwenda London, mwaka 1838 na tena mwaka 1842, Seyyid alimtuma Ali bin Nasir, liwali wa Mombasa na mtu wa ukoo, ajadili mambo ya dola. Kwenda New York alimtuma katibu mwenye daftari. Alijua kwa hakika palipokuwa na nguvu za kumdhuru na palipokuwa na soko. Lakini tusisahau kwamba Marekani nayo ilimtuma kwake mtu aliyeandikwa karani wa nahodha. Makarani wawili ndio walioanzisha uhusiano huu, na pengine ndiyo sababu ulikwenda vizuri mwanzoni. Kila mmoja alijua bei ya kitu.

Wakati huo Marekani ilikuwa imekwisha kuweka balozi wake mdogo Unguja. Richard Waters wa Salem alifika mwezi wa Machi 1837, miaka minne kabla ya Hamerton wa Uingereza. Hakupewa mshahara wa kutosha. Alitazamiwa kuishi kwa biashara yake, na biashara ilimwitikia. Alipatana na Jairam Shivji, hata mgeni mwingine yeyote, awe Mwingereza au Mmarekani asiyekuwa wa kundi lake, akaona taabu kupata shehena. Hivyo uhuru wa biashara ulioandikwa katika mkataba uligeuzwa na balozi na mkodishaji wa forodha kuwa karibu milki yao wawili. Waters alikuwa mtu wa dini sana, na katika shajara yake aliandika kwa uchungu juu ya watumwa aliowaona. Uchungu huo nauamini. Hata hivyo pembe alizonunua zilishuka pwani katika misafara iliyojaa watumwa, karafuu zilichumwa na watumwa, na nguo aliyoleta ilifumwa kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani. Jora la merikani lilikuwa limepita katika mikono isiyo huru mwanzo wa safari yake na mwisho wake. Hayo hayakuandikwa katika kifungu chochote, wala mkataba haukuwa na neno juu ya watu hao.

Urafiki ulipata ufa kwa sababu ya mizinga ya salamu. Tarehe 4 Julai 1850 balozi Charles Ward alitaka sikukuu ya taifa lake ipigiwe mizinga 21. Seyyid alikuwa Maskati. Mwanawe Khalid ndiye aliyeshika mahali pake Unguja. Salamu haikupigwa. Ward akateremsha bendera, akafunga ofisi, akaenda zake. Jambo dogo, mtu atasema. Lakini mwezi wa Desemba 1851 manowari ya moshi Susquehanna, chini ya Komodori Aulick, iliingia Unguja ikadai salamu hiyo kwa vitisho vya mizinga, na salamu ikapigwa. Manowari hiyohiyo ilikwenda na Perry kufungua bandari za Japani mwaka 1853. Twaona basi kwamba katika muda usiozidi miaka ishirini, taifa lililokuja na karani wa siri lilirudi na meli ya moshi, na mfalme aliyewapa maji Masirah akaamriwa saa ya kufyatua mizinga yake mwenyewe.

Seyyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, njiani kutoka Maskati. Dola yake iligawanywa, na mwaka 1861 Uingereza ikathibitisha mgawanyo huo, Maskati upande mmoja na Unguja upande mwingine. Mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani. Pamba haikupatikana, viwanda vya Massachusetts vilisimama, na nguo za Kiingereza na za Bombay zikashika mahali pa merikani. Jina lilibaki hata nguo ilipotoka kwingine, na wafumaji wa nchi nyingine waliiga nguo ile ili waiuze kwa jina lake. Biashara ya Wamarekani ilirudi baada ya vita, maana mwaka 1871 Stanley alifungiwa mizigo yake ya safari kwa msaada wa balozi Webb, lakini ukubwa wa kwanza haukurudi.

Kilichobaki bila kupungua kilikuwa asilimia tano. Hapa ndipo hesabu ya mwaka 1833 ilipodaiwa. Mataifa yaliyofuata yaliiga mkataba wa Wamarekani, kila moja likataka lisitozwe zaidi ya mwenziwe. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hata 1888, alirithi mashamba yaliyoangushwa na tufani ya mwaka 1872, akakatazwa biashara ya watumwa mwaka 1873, akahitaji fedha za maji ya bomba, za meli na za askari. Ushuru wa mali itokayo ng'ambo hakuweza kuupandisha pasipo ridhaa ya wageni. Sheria zake hazikuwahusu wageni wenye mabalozi wao. Babaye alitoa vitu hivyo kama mtu atoaye kahawa kwa mgeni, akiwa na nguvu za kutoa; mwana alivikuta vimekuwa deni. Sisemi kwamba Wamarekani ndio walioiangusha Unguja, kwani iliyoitwaa mwaka 1890 ilikuwa Uingereza. Nasema kwamba kielelezo cha kamba kilisokotwa Maskati, kwa hiari, katika mazungumzo ya siku chache, na Seyyid Said akiwa amependezwa.

Marekani ilijivua haki ya kuwahukumu watu wake Unguja mwaka 1905, kwa mapatano iliyofanya na Uingereza, bila Sultani kuwa mmoja wa watia sahihi. Ofisi ya balozi ilihamishwa Mombasa mwaka 1915. Ilifunguliwa tena mwaka 1961, ikapita katika misukosuko ya Mapinduzi ya Januari 1964, ambapo mwakilishi wa Marekani alifukuzwa, ikafungwa mwaka 1979. Lakini upande wa Oman mkataba wa Roberts uliendelea kuwa na nguvu kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini na mitano, mpaka mahali pake pakachukuliwa na mkataba mpya uliotiwa sahihi Salalah tarehe 20 Desemba 1958.